Lenzi ya kuzungusha kwa mkono, na mama asiyeonekana kwenye picha



Juma lililopita tulizungumza juu ya kutunza kadi za chanjo za watoto ili mvua isiziharibu. Leo tunaendelea na mambo ya kutunza, lakini tunatoka kwenye karatasi na kuingia kwenye nyuso. Wengi wenu mmetuuliza kuhusu kamera ya kikundi, ile nzito kidogo yenye kioo kipana mbele, inayotembea kutoka nyumba hii hadi nyumba ile. Mnauliza: inafanya nini ambacho simu haifanyi? Na sababu gani kila anayeishika anazungusha pete kwa vidole, anasogea mbele, anarudi nyuma, ndipo anapiga? Tumeishi nayo tangu mvua za kwanza za mwaka huu wa masomo, basi tuna la kujibu. Tena jibu linahitajika haraka, maana siku ya posho inayokuja mkutano utaamua kama kamera iuzwe au ibaki.

Ni kitu gani hicho

Sehemu ya mbele ya kamera, ile yenye vioo vinavyokusanya mwanga, inaitwa lenzi. Wapiga foto wa mjini wanaiita objektifu. Yetu ni ya zamani, ya wakati wa filimu. Mama mmoja wa kikundi aliitoa kwenye sanduku la marehemu mume wake, aliyekuwa akipiga foto ndogo za vitambulisho. Kwa sababu filimu siku hizi ni ngumu kuipata na ngumu kuisafisha, kikundi kilinunua mwili wa kamera ya kidijitali uliokwisha kutumika, pamoja na pete ya chuma ya kuunganisha hivyo viwili.

Lenzi hii ina tabia tatu. Ya kwanza, haivuti vitu vya mbali karibu. Ina urefu mmoja tu, milimita 50. Ukitaka uso uwe mkubwa kwenye picha, tembea uukaribie. Ukitaka familia yote iingie, rudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Ya pili, haina mashine ya kutafuta ukali wa picha. Mkono wako ndio unaozungusha pete mpaka macho ya mtoto yaonekane wazi. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, ina tundu pana la kuingizia mwanga.

Tufanye hesabu kidogo, kama tuko kalasini. Mbele ya lenzi imeandikwa 50 na 1,8. Gawanya 50 kwa 1,8: unapata karibu 28. Maana yake ni kwamba tundu likifunguliwa lote lina upana wa milimita 28, karibu sawa na kifuniko cha chupa ya soda. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya kuvuta na kurudisha, ikifika kwenye milimita 50 mara nyingi inaonyesha 5,6. Gawanya 50 kwa 5,6: unapata karibu 9. Upana wa 28 ni mara tatu ya 9, lakini mwanga unapita kwenye eneo lote la duara, si kwenye mstari. Tatu mara tatu ni tisa na zaidi kidogo. Kwa hiyo lenzi yetu inapokea mwanga karibu mara kumi.

Na simu je? Simu nyingi pia zimeandikwa 1,8, na hapo ndipo watu wanashangaa. Lakini urefu wa lenzi ya simu ni milimita chache tu, siyo 50. Ukigawanya, unapata tundu la ukubwa wa punje ya muhindi au chini ya hapo. Simu inajitahidi kwa akili ya programu: inapiga picha nyingi kwa haraka na kuzichanganya. Mchana inafanya kazi nzuri, na hatuidharau. Shida inaanza jioni.

Jiko la saa moja ya jioni

Saa moja ya jioni umeme mara nyingi haupo. Mbabula inawaka, sombe iko motoni, taa ndogo ya jua imetundikwa kwenye msumari, mtoto wa mwaka wa tatu anasoma daftari lake karibu na mlango. Hapo ndipo maisha ya nyumba yalipo, na hapo ndipo kamera nyingi zinashindwa.

Kamera inahitaji pazia lake lifunguke kwa muda fulani ili mwanga uingie. Kwa mwanga wa taa ndogo iliyo karibu na uso, tundu likiwa kwenye 1,8 na kamera ikiwekwa kwenye ISO 1600, tunaweza kupiga kwa sehemu 1 ya 60 ya sekunde. Mkono uliotulia unaweza hivyo. Ukitumia lenzi ya 5,6 mahali pale pale, utahitaji karibu sehemu 1 ya 6 ya sekunde. Hapo mkono unatetemeka, mama anageuza mwiko, mtoto anageuza kichwa, na picha inatoka kama moshi.

Mtu atasema: si uwashe flashi? Ndiyo, flashi inamulika, lakini inafukuza kile ulichokuja kupiga. Uso unakuwa mweupe, ukuta nyuma unakuwa mweusi, mtoto mchanga anashtuka na kulia, mama anakaza mdomo. Mwanga wa mbabula unaopaka shavu rangi ya machungwa unapotea. Lenzi yenye tundu pana inakubali mwanga uliopo, hata ukiwa mdogo.

Nani hayupo kwenye picha

Sasa tuseme jambo lililotufanya tuandike. Tazama picha zilizo nyumbani kwako: za arusi, za ubatizo, za siku ya matokeo ya shule, za wageni. Baba amesimama, watoto wamevaa viatu vipya. Mama yuko wapi? Yuko jikoni anapakua chakula cha hao wanaopigwa picha. Au yeye ndiye ameshika simu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka uliopita tulimzika mwenzetu mmoja wa kikundi. Familia ilitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Waliyoipata ilikuwa ile ya kadi ya uchaguzi: ndogo, ya kijivu, kichwa kimenyooka, macho yanaogopa mashine. Waliipeleka ikuzwe, na ilipokuzwa pua na mdomo vilikuwa vidoadoa. Mtoto wake wa mwisho alisimama mbele ya ile picha, akauliza huyo ni nani. Hatuna haja ya kuongeza neno. Mwanamke huyo alikuwa na sauti kubwa, alicheka mpaka kikwembe kikamfunguka, aliuza sambaza kwa miaka mingi na sokoni kila mtu alimjua. Picha ya kadi haikujua hata moja katika hayo.

Tena sisi wa Kivu tunajua kukimbia. Nyumba inaachwa, sanduku linaachwa, mtoto anapotea njiani. Wale wanaotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao, kama watu wa Msalaba Mwekundu, wanatumia picha za nyuso kuunganisha familia. Picha safi ya mtoto na ya mama yake si anasa. Piga nakala, mpe dada yako anayeishi mahali pengine akuwekee.

Historia ya foto katika nchi yetu nayo ilipita nyumbani. Jean Depara, mpiga picha aliyejulikana sana Kinshasa, alinunua kamera ndogo mwaka 1950 kwa ajili ya arusi yake mwenyewe. Kutoka hapo akaendelea mpaka akawa mpiga picha wa mwanamuziki Franco. Na karibu na sisi, Pamela Tulizo wa Goma, aliyeanzia kazi ya uandishi wa habari, alipata mwaka 2020 tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana. Kazi yake ilihusu wanawake wa Kivu: namna watu wa mbali wanavyowatazama, na namna wao wenyewe wanavyojiona. Kwa hiyo yule anayesema kamera si kazi ya wanawake wa hapa, mwambieni atafute habari.

Namna ya kuitumia

Wamama walioishika kwa mara ya kwanza wanaogopa pete. Msiogope. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, mweke mtu wako upande wa mwanga. Mchana, mwambie akae karibu na dirisha au mlango uliofunguliwa, mwanga umguse shavu moja. Jioni, sogeza taa karibu na uso wake, kwa upande, siyo nyuma ya kichwa.

Pili, lenga jicho lililo karibu na wewe. Zungusha pete pole pole hadi kope zionekane, pitisha kidogo, halafu rudi. Kama kamera ina kitufe cha kukuza sehemu ya picha kwenye kioo, kitumie. Kwenye 1,8 sehemu iliyo kali ni nyembamba sana. Ukisimama mita moja kutoka kwa mtu, ukali una unene wa vidole viwili hivi: jicho ni safi, sikio tayari limeanza kulainika. Ukirudi mpaka mita moja na nusu, unene unafika karibu upana wa kiganja. Ndiyo maana mtoto akiinamisha kichwa baada ya wewe kulenga, lazima ulenge tena.

Tatu, shika pumzi. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, viwiko vishike mbavu, mgongo uegemee ukuta. Mwili ndio mguu wa kamera.

Nne, mchana nje, funga tundu. Lenzi ina pete nyingine yenye namba 1,8, kisha 2,8, 4, 5,6, 8, 11 na 16. Kila ukihama kutoka 2,8 kwenda 4, au kutoka 4 kwenda 5,6, mwanga unapungua nusu. Watoto wakicheza uani, weka 8, halafu weka pete ya umbali kwenye mita 3. Sasa kila kitu kutoka karibu mita 2 na nusu hadi mita 3 na nusu kitakuwa kali cha kutosha. Huna haja ya kuzungusha tena. Pima mita tatu kwa hatua zako mara moja, mguu utakumbuka, kisha subiri mchezo uingie kwenye eneo lako. Wapiga picha wa barabarani wa zamani walifanya hivyo. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50, bila mashine ya kumtafutia ukali.

Anayeanza atapata picha nyingi zisizo kali. Ni kama kuandika kwa mkono: herufi za juma la kwanza hazifanani na za juma la sita. Tumewaona wamama ambao hawakumaliza shule wakipata jicho la mtoto katika sekunde mbili, kwa sababu miaka yote wamekuwa wakichambua mchele na kuona jiwe dogo kabla ya wengine.

Kukaribia kunadai ruhusa

Lenzi isiyovuta inafundisha adabu. Huwezi kumwiba mtu kutoka ngʼambo ya barabara. Lazima ufike karibu naye, na ukifika karibu lazima usalimie. Kwa hiyo sheria ya kikundi ni hii: salamu kwanza, jina lako pili, sababu ya picha tatu, kamera mwisho. Mtu akikataa, kamera inashuka na mazungumzo yanaendelea.

Mama mmoja mzee alitukatalia mara mbili. Alisema nguo zake za jikoni ni chafu na hataki wajukuu wamwone na masizi. Tulimwacha. Mara ya tatu yeye mwenyewe alituita, akaketi kwenye kigoda chake na kikwembe kile kile cha jikoni. Alisema amefikiri: wajukuu wamekula kutoka mikono hii yenye masizi, basi waijue. Picha yake tulimpa kwanza yeye, kabla ya mtu mwingine kuiona. Hiyo pia ni sheria.

Tuongeze mambo mengine ya usalama. Picha ya mtoto wa mwenzako haitumwi kwenye WhatsApp bila neno la mama yake. Mtoto hapigwi bila nguo, hata akiwa mdogo wa kuoga kwenye beseni. Mama aliye kwenye kitanda cha uzazi au mgonjwa hapigwi kwa sababu wewe una hamu. Na msielekeze kamera kwenye daraja, uwanja wa ndege, askari au kambi yao. Matatizo ya hapo hayamalizwi na maelezo.

Kuchagua na kutunza

Lenzi za namna hii zilitengenezwa nyingi sana wakati wa filimu, ndiyo maana bado zinapatikana kati ya vitu vilivyotumika. Kama kikundi kingine kinataka kununua, fanyeni uchunguzi huu kabla ya kutoa franka. Elekezeni lenzi kwenye mwanga na mtazame ndani: mkiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu, iacheni. Zungusheni pete ya ukali: iende laini, isikwame wala isilegee. Zungusheni pete ya tundu na mwangalie vibati vidogo ndani: vifunguke na kufunga bila mafuta juu yake. Mwisho, hakikisheni kuna pete ya kuiunganisha na kamera yenu, maana si kila lenzi inakaa kwenye kila mwili.

Hewa yetu ya msimu wa mvua ndiyo adui. Msiifungie lenzi kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati lenye giza. Ukungu unapenda hapo. Iwekeni kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Vumbi lipulizwe kwanza, halafu kitambaa laini na safi. Kioo hakifutwi na ncha ya kikwembe: chembe ya mchanga iliyofichwa humo itachora alama isiyotoka.

Neno letu kwa mkutano

Wenzetu wanaotaka kamera iuzwe wana hoja nzito, na hatuitupi. Sanduku la MUSO ni jembamba mwaka huu. Kuna mwenzetu anayesubiri mkopo kwa ajili ya mtoto aliyelazwa, na hakuna mtu anayekula picha. Kama kuuza kamera ndiyo njia pekee ya kumsaidia, tutakuwa wa kwanza kuinua mkono.

Lakini kabla ya hapo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kamera ianze kuingiza pesa: wamama wawili waliokwisha kuizoea wapige arusi na ubatizo wa mtaa, na nusu ya malipo iingie katika sanduku. La pili, mkopo wa mtoto utolewe sasa kutoka akiba iliyopo, bila kungoja mnunuzi ambaye hatumjui na bei ambayo hatuijui. La tatu, kabla ya kamera kuuzwa, kama itauzwa, kila mwanamke wa kikundi apigwe picha moja nyumbani kwake, katika kazi yake, na ichapishwe kwenye karatasi. Tuko thelathini na moja. Picha kumi na tisa zimekwisha kutoka. Wamebaki kumi na wawili, na wengi wao ni wale wanaosema kila mara, «Pigeni wengine kwanza.»

Kazi ya juma hili

Wewe usiye na kamera ya kikundi wiki hii, fanya hili na simu yako. Kila siku kabla ya jua kuzama, chagua mtu mmoja wa nyumba. Mweke karibu na dirisha au mlango. Usivute picha kwa vidole kwenye kioo, tembea wewe. Zima flashi. Piga tatu tu, siyo thelathini. Siku ya saba mpe simu mtoto wako mkubwa, mwonyeshe namna ya kusimama, kisha ukae wewe kwenye ule mwanga.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi makala msimu wa mvua bila kujaza nyumba moshi. Tuonane mkutanoni siku ya posho, saa tisa. Wale kumi na wawili waje mapema kidogo, kabla mwanga haujapungua.